Abiria Wangu Hataki Kulala

Dung. Dung. Dung. Halafu la nne: pu.

Hiyo ndiyo sauti iliyonitoa kitandani Jumamosi ile, na mpaka leo nikifumba macho naisikia. Baba alikuwa uani kwetu Kiseke, kunapambazuka, anagonga matairi ya kirikuu kwa kipande cha nondo. Madereva wa zamani hawapimi upepo kwa macho. Wanagonga, wanasikiliza. Tairi lililoshiba linairudisha nondo mkononi, lenye njaa linaimeza. La nne, la nyuma kushoto, lilikuwa na njaa.

"Minza," akaniita bila kugeuka, "hili ulitaka tulibebe mgongoni?"

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza kwenye grupu ilikuwaje, wengine mmeuliza mara tatu, na kila nikianza kusimulia mazoezini mwalimu anagonga meza. Basi nimeandika. Uandishi wangu mnaujua, niliishia kidato cha nne, kwa hiyo msinisahihishe. Nisomeni tu.

Kwa wasiojua, mimi naendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha Mama Devota, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Napeleka saruji, mabati na mchanga, huu mwaka wa pili. Lakini ndoto yangu ni lori. Lile kubwa la pamba, ambalo ukikaa juu unaona mapaa ya nyumba za watu. Mzee Luhende, ambaye bado anaendesha lori la pamba, alikubali kunichukua msimu huu nijifunze kando yake, ila akaweka sharti. Alisema yeye na baba wamekula vumbi pamoja miaka mingi, na dereva hamchukui mtoto wa dereva mwenzake mpaka baba mtu atamke. Nikampelekea baba habari. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, tunakula, akasema:

"Utanipeleka Lamadi kwa barabara yangu, na utanirudisha. Nikilala ndani ya gari lako, namwambia Luhende ndiyo. Nisipolala, utabaki na kirikuu chako."

Msicheke. Baba ana miaka minane tangu aache kazi, magoti yalipokataa klachi, na tangu hapo hajawahi kusinzia kwenye gari la mtu. Mpandishe basi la Shinyanga, atakwenda macho yamemtoka mpaka Shinyanga, mguu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Kwake yeye, kulala mwenzako akiwa kwenye usukani ni kumkabidhi roho yako aishike. Hajawahi kumkabidhi mtu.

Kiseke mpaka Igoma

Kabla hatujaondoka mama alinivuta jikoni akanipa mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mashauri mawili. La kwanza, nimshibishe. La pili, akisinzia nisizime injini hata kidogo, kwa sababu baba yangu haamshwi na mngurumo wa gari, anaamshwa na honi au kimya. Halafu akaniambia siri: mzee alipanda kitandani jana saa moja jioni, hata taarifa ya habari hakusubiri. Yaani alikwenda kuweka akiba ya usingizi makusudi ili anishinde. Mimi kwa furaha sikulala kabisa. Nilikuwa nageuka kitandani huku nabadilisha gia hewani.

Tukajaza upepo, tukashika njia. Baba alivaa kofia yake ya kazi, ile ya kahawia iliyochakaa ukingo, akafunga mkanda, akaweka mikono juu ya mapaja kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikaangalia mguu wake wa kulia. Tulipofika mteremko wa kwanza, ukakanyaga.

Igoma bodaboda alinikatiza akiwa na magodoro mawili nyuma. Nikapiga honi. Mnaijua honi ya kirikuu kile. Baba akageuka taratibu.

"Hiyo ni honi au kifaranga kimekanyagwa?"

Nikamwambia ndiyo iliyopo. Akanieleza, sasa akiwa ameanza kuchangamka, kwamba zamani kila dereva alikuwa na honi yake. Gari lingeweza kubadilishwa lakini mapigo ni yale yale, kama mtu na mwendo wake. Yake ilikuwa mbili fupi, moja ndefu. Ya Mzee Luhende ilikuwa nne za harakaharaka, akasema kama mtu aliyebanwa na choo. Nilicheka mpaka nikapunguza mwendo. Nikamwuliza yangu iwe ipi. Akasema honi haipewi mtu, mwenyewe utaisikia ikitoka.

Kisesa, na shamba lililokuwa barabara

Kisesa tulisimamishwa na askari wa usalama barabarani. Akasalimia, akazunguka moja kwa moja upande wa baba, akamwomba mzee leseni. Nafikiri aliona kofia. Baba akamtazama kwa utulivu mkubwa.

"Mimi ni abiria, afande. Dereva ni yule."

Jamani, sijui niwaelezeje. Neno dereva limetoka kinywani mwa baba, na linanihusu mimi. Afande akaja upande wangu, akaangalia leseni, akaangalia kizimamoto, akauliza kama mzee anasafiri kwa amani. Baba akajibu kwamba akiwa na amani tutamwona analala. Afande hakuelewa, akacheka tu kwa adabu, akaturuhusu.

Baadaye kidogo ndiyo nikajua maana ya "barabara yangu". Lami iliponyoosha njia, vipande vya barabara ya zamani viliachwa pembeni, na baba anavijua vyote. Anaona mstari wa majani uliopinda, anaona karavati lililobaki peke yake, anasema kata hapa. Kipande cha kwanza, baada ya Nyanguge, kilituingiza polepole kati ya vichaka, kikapanda, kikashuka, kikaishia katikati ya shamba la mahindi. Barabara imelimwa. Baba akashuka na nondo yake, akawa ananyoosha mkono kuonyesha: hapa tulikuwa tunapishana, pale palikuwa na tope la kula lori zima.

Akatokea mama mmoja na jembe begani, mwendo wa kasi. Hakutusalimia. Akauliza kama tumekuja kuweka alama ya X. Nikamwona amelikumbatia jembe, nikashangaa, mpaka nilipojitazama kwa macho yake: gari, mzee mwenye kofia, chuma mkononi, vidole vinapima shamba. Alidhani sisi ni watu wa barabara tumekuja kumvunjia. Baba akaitupa nondo garini haraka, akavua kofia, akamsalimia kwa Kisukuma. Akaeleza kwamba yeye ni dereva tu aliyepita hapa zamani na leo anatembezwa na binti yake. Yule mama akakaa chini pale pale kwenye tuta. Alipopata pumzi akatuuliza ni nani mwenye akili timamu anatembelea barabara iliyokufa. Halafu akatukatia matango matano. Nilimshika mkono wakati wa kuaga, ulikuwa bado wa baridi.

Magu

Magu nilipanga kumaliza kazi mapema. Nikasimamisha gari mbele ya mgahawa, nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Baba hakushuka.

"Jiwe liko wapi?"

Breki ya mkono ya kirikuu kile ni mvivu, nami nimeizoea, ila baba hakuwa na muda wa mazoea yangu. Nikatafuta jiwe nikalitega nyuma ya tairi. Ndipo akashuka.

Nikaagiza supu ya kuku na chapati tatu za mzee. Alikula chapati moja, akaita kahawa chungu. Vikombe viwili. Alipokunywa cha pili alinitazama juu ya ukingo wa kikombe, akatabasamu kidogo, nikajua kwamba anajua.

Tulipoondoka nilikuwa nimeshasogea hatua chache, akaniambia nisimame. Akaniuliza lile jiwe nimemwachia nani. Nikarudi kwa miguu, watu wa mgahawa wanatazama, nikaliokota nikalitupa pembeni. Aliniambia katika maisha yake amegombana na watu wengi barabarani, lakini anayemkasirisha kuliko wote ni dereva anayetega jiwe na kuondoka, kwa sababu usiku jiwe lile linamsubiri mwenye pikipiki.

Kona ya Bibi Mbuke

Mbele ya Magu, ziwa likawa linaonekana na kupotea upande wa kushoto, na baba akawa amesogea mpaka ukingo wa kiti. Mikono haipo tena mapajani. Akasema kata, nikakata. Hiki kipande kilikuwa kizima, changarawe yake bado ngumu, nyasi katikati, kinapinda kuelekea ziwani halafu kinairudia lami. Kwenye kona yenyewe palikuwa na nyumba ya bati yenye baraza refu sana, refu kuliko nyumba.

Baba akanyoosha mkono mbele yangu bila kuniomba, akabonyeza honi. Mbili fupi, moja ndefu. Kifaranga kilijitahidi.

Kuku akakimbia. Baba akaangalia mikono yake. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka bibi kizee mwembamba, amejifunga kanga kiunoni, na kwapani ameshika mkeka.

"Mkeka," akasema. "Umechelewa."

Nilidhani anausemea mkeka wake. Kumbe ndilo jina la baba yangu. Baba yangu, Mzee Masalu, ambaye nyumbani tunashusha sauti akipita, barabara nzima walikuwa wanamwita Mkeka.

Tukakaa barazani, akatuletea maziwa mgando kwenye kibuyu, nami nikamwomba bibi asimulie, ingawa baba alikuwa anajikohoza. Akasema malori yote yalikuwa yanapita hapa mlangoni, naye alikuwa anapika uji na kutandika mikeka barazani kwa anayetaka kupumzika. Wengi walikunywa uji wakiwa wima, wakaondoka, kwa sababu dereva aliyelala mchana alichekwa kama mgonjwa. Masalu alikuwa anasimama, anatega mawe yake, analala. Wenzake wakipita wanapiga honi za kumzomea, na utingo wake anajificha chini ya lori kwa aibu.

"Walimcheka sana," bibi akasema. "Halafu wengine nikaacha kusikia honi zao. Ya huyu niliisikia mpaka barabara ilipohamishwa."

Baba akasema maziwa ni mazuri. Bibi akamwuliza kama autandike. Baba akajibu kwamba leo amekatazwa kulala, na aliyemkataza ni yeye mwenyewe. Bibi akanigeukia kutaka maelezo, nikamweleza sharti lote. Alicheka mpaka akafuta macho na kanga, akamwambia baba kwamba uzee umempa ujanja ambao ujanani hakuwa nao.

Wakati wa kuaga alinishika mimi mkono, hakumshika baba.

"Mkirudi mnipigie honi. Mtu akienda nikamsikia, na asirudi nikamsikia, siku hiyo silali."

Nikamwahidi.

Lamadi

Lamadi tulifika saa saba na nusu, upepo wa ziwa unapeperusha mpaka meza. Hapa nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote. Nikaagiza sato wawili wa kukaanga, ugali wa watu wanne na mlenda. Kila baba aliponyamaza nilimwongezea. Dada aliyekuwa anahudumia aliniita pembeni, akaniuliza kwa huruma mzee ametoka hospitali gani, na kama daktari amesema ale kwa nguvu vile. Nikamwambia ni mzima. Akasema pole hata hivyo, na akaongeza kipande cha samaki bure kwa ajili ya mgonjwa.

Baba alikula robo ya vyote, akaita kahawa. Mimi nikaona dhambi kutupa chakula cha Mungu, nikamaliza chake na changu.

Sasa mnaona nilivyojichimbia shimo. Sikulala usiku. Nimeendesha tangu asubuhi. Tumboni nina ugali wa watu watatu. Tulipogeuza gari jua lilikuwa mbele yetu, la manjano, linanibembeleza. Nikashusha kioo. Nikaimba sauti ya pili ya wimbo wetu wa mavuno, baba akasikiliza. Nikajifinya paja. Barabara ikawa inanyooka tu, inanyooka. Mara nikaona nyasi za pembeni ziko karibu kuliko inavyotakiwa, nikarudisha usukani.

Mguu wa baba ulikuwa umekanyaga chini mpaka mwisho.

Wenzangu, nilipigana na nafsi yangu kwa muda ule. Nikisema, nimekwisha: nimemleta mzee Lamadi ili alale yeye, na anayetaka kulala ni mimi. Luhende basi, lori basi. Nisiposema, labda nitafika. Nikawa nasema labda, labda. Kisha nikakumbuka lile baraza refu, na mikeka iliyotandikwa ikakosa watu. Nikawasha taa ya kuashiria, nikatoka kwenye lami, nikasimama.

"Baba," nikasema, "mwenye usingizi ni mimi."

Machozi yalikuwa karibu, sitawaficha. Akafungua mkanda wake.

"Zima gari. Lala."

Alishuka, nikasikia anatafuta mawe. Nilipofumbua macho sijui ni dakika ngapi zilikuwa zimepita, labda ishirini. Kioo cha mbele kilikuwa kinang'aa, hakina mdudu hata mmoja. Alikuwa amekiosha kwa maji yetu ya kunywa na kitambaa chake cha mfukoni. Hakunisema. Aliuliza tu kama nimeamka kweli au nimefumbua macho tu. Nikasema nimeamka kweli.

Kurudi

Tukashika njia tena. Akili yangu ilikuwa nyepesi kama imefuliwa, ila moyoni nilikuwa nimeshamuaga Luhende. Nikawa napanga jinsi nitakavyopenda kirikuu zaidi, nikipake rangi, ninunue honi mpya.

Ndipo baba akainama. Nikadhani anaokota kitu. Akalegeza kamba za viatu, akavua kimoja, akavua cha pili, akavisukuma chini ya kiti. Akavua kofia akaiweka juu ya goti. Akarudisha kiti nyuma kidogo. Mimi macho mbele, siulizi, sipumui. Kukaja mteremko, nikauangalia mguu wa kulia kwa pembe ya jicho. Soksi yake ina tobo kwenye kidole gumba. Mguu haukukanyaga. Ulikuwa umelala ubavu kama mguu wa mtoto.

Mteremko wa pili, vivyo hivyo. Halafu nikasikia mkoromo.

Nilitaka kupiga kelele mpaka wavuvi wanisikie. Nikauma mdomo. Nikabadilisha gia kwa upole kama nafunika mtoto nguo. Kila shimo nililiona kutoka mbali, nikalizunguka. Lori la pamba likaja mbele yetu, limejaa mpaka limevimba, na dereva wake akanipungia mkono, nami nikampungia kama tunafanya kazi moja.

Hapo ndipo nikaiona kona inakuja, na nikakumbuka ahadi. Honi inampigia bibi, na honi inamwamsha baba. Nikipita kimya, yule bibi hatalala leo, na baba yangu ameanza kulala baada ya miaka minane. Nikakata kulia, polepole, nikaingia barabara ya zamani. Nikasimama mbali na nyumba, mahali tambarare, bado naiona. Nikavuta breki ya mkono. Injini sikuizima. Nikashuka, mlango nikauacha wazi ili usilie, nikatafuta mawe mawili, moja nikaweka mbele ya tairi, jingine nyuma. Baba alikuwa ameelekeza uso dirishani, mdomo wazi.

Nikaenda kwa miguu, nimevua ndala ili changarawe isisikike. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa bibi. Nikasimama chini ya baraza, nikaweka viganja viwili mdomoni, na honi ikatoka yenyewe, sikuipanga: moja fupi, moja ndefu, moja fupi.

Kijiko cha mti kikaacha kukoroga ndani ya chungu.

"Hiyo siijui," bibi akasema kutoka ndani.

"Ni ya Minza, bibi. Mkeka amelala."

Kisha nikamsikia anacheka peke yake, na kijiko kikaanza tena.

Nikarudi. Injini inanguruma, baba anakoroma, kofia imeanguka sakafuni. Nikainama, nikatoa jiwe la mbele, nikatoa la nyuma, nikayabeba yote mawili kifuani mpaka kwenye nyasi, mbali kabisa na barabara, nikayaweka chini taratibu.